Bakuli Limejaa, Simbilisi Ana Njaa

Ndugu mwenyekiti, wafugaji wenzangu, wazazi mliokuja na watoto, na ninyi watoto mliowaburuta wazazi wenu hadi hapa, maana najua ufugaji wa simbilisi huanzia kwa nani nyumbani: shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie lishe ya simbilisi. Nimekubali upesi, kwa sababu wengi wa simbilisi wanaofika mezani kwangu kutibiwa hawakuumwa na mbwa wala kuambukizwa na jirani. Wamelishwa vibaya na watu wanaowapenda. Namuuliza mwenyewe, huyu anakula nini? Jibu huja kwa fahari: "Daktari, bakuli lake halikosi chakula." Na ni kweli, halikosi. Lina punje za kiwandani hadi juu, lina vipande vya karoti, siku nyingine lina na zabibu. Ila chakula chenyewe cha simbilisi hakimo, kwa sababu chakula cha simbilisi hakikai kwenye bakuli. Ni nyasi. Nyasi kavu, zile wengine mnaita hei, zilizorundikwa kona ya banda kwa wingi kiasi kwamba mnyama anaweza kujificha ndani yake akabaki pua tu.

Hilo ndilo nililokuja kusema. Nikikatiwa umeme sasa hivi, nendeni na hilo tu.

Umeme bado upo, basi niwaeleze kwa nini.

Simbilisi ana meno 20, na yote 20 yanakua tangu kuzaliwa hadi kufa. Watu wanajua habari ya meno ya mbele, kwa sababu ndiyo wanayoyaona anapoguguna. Magego hawayaoni, na balaa liko huko. Magego ya chini yameinama kuelekea ndani, upande wa ulimi. Mnyama akitafuna nyasi kwa saa nyingi kila siku, magego yanasagana na kubaki kimo chake, maana nyasi ina chembechembe ngumu zinazosugua jino kama msasa. Akila peleti, yaani zile punje za kiwandani, anaziponda mara chache zinakuwa unga, anameza, kazi imekwisha. Jino halikusuguliwa. Linaendelea kukua.

Niliwahi kufunguliwa mdomo wa simbilisi ambaye mfugaji wake aliniambia amekuwa "mchaguzi wa chakula". Anakwenda kwenye tango, ananusa, analichukua, analiangusha. Anarudi tena, analichukua, analiangusha. Kidevu kilikuwa kimelowa mate. Nilipomulika kwa taa ndogo nikaona gego la kushoto na la kulia yamekua hadi yakakutana katikati, yametengeneza daraja juu ya ulimi. Ulimi upo chini ya daraja, hauwezi kuinuka, hauwezi kusukuma chakula kwenda kooni. Mnyama yule hakuwa mchaguzi hata kidogo. Alikuwa na njaa kali mbele ya bakuli lililojaa. Meno ya namna hiyo hukatwa mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na mara nyingi ni lazima kurudia baada ya wiki kadhaa, pengine maisha yake yote. Nyasi ingekuwa nafuu.

Sababu ya pili iko tumboni. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, simbilisi ana mfuko mkubwa ajabu, unaochukua nafasi kubwa kuliko kiungo kingine chochote tumboni mwake. Humo wanaishi vijidudu kwa mabilioni, na hao ndio wanaovunja nyuzinyuzi za nyasi kuwa kitu kinachofaa mwilini. Ukweli ni kwamba unapomlisha simbilisi unawalisha vijidudu, kisha wao wanamlisha yeye. Wanahitaji nyuzinyuzi, tena kila saa, kwa sababu utumbo huu hausukumi vizuri usiposukumwa na kingine kinachoingia. Ukiwapelekea sukari na wanga mwingi, wale wema wanapungua, wale wabaya wanashamiri, hewa inajaa, tumbo linakuwa gumu. Na simbilisi hawezi kutapika. Kilichoingia kitatoka upande mmoja tu, au hakitatoka.

Watoto, tukiwa kwenye suala la kutoka: mmewahi kumwona simbilisi wako akijikunja, akainamisha kichwa chini ya tumbo, kisha akainuka anatafuna? Naam. Anakula kinyesi chake. Msicheke, na msimzuie. Anacho kinyesi cha aina mbili, kile kikavu mnachofagia, na kile laini anachokipokea moja kwa moja kwa mdomo kabla hakijaanguka. Hicho laini kimejaa vitamini za kundi B na protini iliyotengenezwa na wale vijidudu, ambayo mara ya kwanza ilipita bila kufyonzwa yote. Kama simbilisi mnene amefikia hatua ya kutoweza kujikunja, anakosa sehemu ya chakula chake, na utaona kile laini kimemganda nyuma. Ukikuta hivyo usimwoshe tu ukaridhika. Tafuta kilichomnenepesha.

Sasa tuseme nyasi zipi. Ile inayotajwa zaidi kwenye vitabu ni timothi, na ni nzuri, lakini si lazima iwe hiyo. Nyasi yoyote ya malisho iliyokaushwa vizuri, yenye mashina na majani, inafaa. Nusa kwanza. Nyasi nzuri inanukia kama shamba. Ikinuka uvundo, ikiwa na madoa meupe au meusi ya ukungu, ikitoa vumbi ukiikung'uta hadi wewe mwenyewe unapiga chafya, hiyo usiipeleke bandani, maana mapafu ya simbilisi ni madogo na huugua upesi. Rangi ya kijani ni dalili njema, ila iliyofifia kidogo si mbaya mradi ni kavu na safi. Ihifadhi kwenye gunia au boksi linalopitisha hewa. Ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki na ina unyevu, umepanda ukungu.

Kiasi? Hakuna kiasi. Hiki ndicho chakula pekee ambacho sitawapimia leo. Iwepo mchana na usiku. Simbilisi hali milo mitatu kama sisi, anakula kidogo kidogo saa zote, hata usiku wa manane. Ukiamka asubuhi ukakuta kona imebaki vumbi na vijiti, jana uliweka kidogo. Wekeni rundo kubwa chini, au kwenye kitundu cha chuma kilicho usawa wa kichwa chake, na hasa karibu na mahali anapojisaidia, kwa sababu simbilisi hupenda kufanya mambo yote mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo tabia yake, tusimhukumu.

Majani mabichi ya uani ni mazuri vilevile, kama hayajapuliziwa dawa, hayako kando ya barabara ya magari, na mbwa hawajayatumia. Yakate kwa mkasi au mundu. Yale yaliyokatwa na mashine ya kufyekea usimpe kabisa. Mashine inayapondaponda, yanaanza kupata joto na kuchacha ndani ya muda mfupi, na uchachu huo unaendelea tumboni.

Kuna wanaoniuliza habari ya alfalfa, kwa kuwa ni ya kijani sana na simbilisi wanaigombania. Alfalfa si nyasi, ni jamii ya mikunde. Ina protini nyingi na kalisi mara mbili au tatu ya ile iliyo kwenye timothi. Kwa mtoto anayekua, hadi miezi sita hivi, na kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha, ni msaada mkubwa. Kwa simbilisi mzima aliyetulia nyumbani ni kumjazia kalisi kwenye kibofu. Nitarudi kwenye kibofu.

Kwanza nimalize hoja ya nyasi, kwa sababu ina tundu moja, na tundu hilo limeua simbilisi wengi.

Mwili wa simbilisi hauwezi kutengeneza vitamini C. Mbwa anaitengeneza, paka anaitengeneza, panya anaitengeneza, sungura anaitengeneza. Simbilisi hawezi, na mimi na wewe hatuwezi. Kimeng'enya cha mwisho kinachohitajika kuigeuza sukari kuwa vitamini C kimekufa katika ukoo wetu na katika ukoo wao. Wale ndugu zao wa mwituni huko Amerika Kusini hawapati shida, kwa sababu wanashinda wakila majani mabichi, na majani mabichi yana vitamini C. Sisi ndio tuliozikausha nyasi, na zikikauka vitamini C karibu yote inapotea. Kwa hiyo mboga tunayompa simbilisi kila siku si zawadi. Ni deni. Tunamrudishia tulichokiondoa.

Na simbilisi ndiye aliyetufundisha habari hii, jambo ambalo watu wachache wanalikumbuka. Mwaka 1907 huko Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wakichunguza ugonjwa wa beriberi uliowapata mabaharia. Waliwalisha simbilisi nafaka tupu. Beriberi hawakuipata. Walichokiona ni wanyama wenye ufizi unaovuja damu, meno yanayolegea na mifupa dhaifu: kiseyeye, ule ugonjwa wa safari ndefu za majini. Wakiwapa kabichi mbichi au maji ya limau, ugonjwa unaondoka. Bahati ilikuwa upande wao. Kama wangetumia panya wasingeona lolote, maana panya anajitengenezea. Baadaye Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipokuwa akithibitisha kwamba kile alichokichuja ndicho hasa kinachozuia kiseyeye, waliopimwa nacho walikuwa simbilisi tena. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Simbilisi hawakupata kitu.

Kiseyeye cha simbilisi hakiji na mbwembwe. Ukimnyima vitamini C, ndani ya wiki mbili hivi anaanza kubadilika. Haruki tena. Ukimshika chini ya magoti analia, kwa sababu viungo vimevimba na ndani kuna damu inayovuja. Manyoya yanakuwa makavu, kidonda kidogo hakifungi, anaharisha, anapunguza kula. Wenyewe wanasema "amezeeka". Mnyama anayeweza kuishi miaka mitano hadi minane, amezeekaje akiwa na miaka miwili? Wiki tatu au nne bila vitamini C zinatosha kumuua.

Anahitaji kiasi gani? Kwa kila kilo ya uzito wake, kati ya miligramu 10 na 30 kwa siku. Mwenye mimba na mgonjwa wawe juu ya kipimo hicho, 30 au zaidi kwa maelekezo ya daktari. Simbilisi mzima kwa kawaida ana uzito wa gramu 700 hadi 1,200. Tufanye hesabu pamoja. Pilipili hoho nyekundu, hoho nasema, si ile ya kuwasha, ina miligramu zaidi ya 120 katika kila gramu 100. Kipande cha gramu 20, upana wa vidole viwili, kinakupa kama miligramu 25. Mnyama wa kilo moja ametosheka kwa siku hiyo. Hoho ya kijani ina kidogo kuliko nyekundu, kama 80, bado ni nzuri sana. Sukuma wiki na brokoli wako karibu na 90 au wamepita. Chungwa tunalolisifia lina kama 53, na linakuja na sukari na uchachu unaoweza kumchubua midomo.

Na karoti? Karoti ina miligramu kama sita. Ili simbilisi apate miligramu 20 kutoka kwenye karoti peke yake, itabidi ale zaidi ya gramu 300, yaani theluthi ya uzito wake mwenyewe, kila siku. Atakuwa amekufa kwa sukari kabla ya kupona kiseyeye. Tango ni maji. Letusi ile nyeupe iliyojifunga kama kabichi nayo ni maji, na ikizidi ni kuhara. Hivyo mtu anayesema "nampa mboga kila siku, karoti na tango" amempa mboga kweli, lakini deni halijalipwa.

Mboga iwe mbichi, ioshwe, na ipewe mapema baada ya kukatwa. Ukiipika umeharibu ile ile uliyoinunua. Ikikaa bandani hadi jioni ikanyauka, itoe.

Kuna chupa ndogo za vitamini C zinazouzwa kwa ajili ya kutiwa kwenye maji ya kunywa. Msimamo wangu ni kwamba msizinunue. Vitamini C ndani ya maji inaharibika kwa mwanga, kwa joto, na kwa kugusana na chuma cha mdomo wa chupa. Ifikapo jioni hujui kimebaki kiasi gani. Tena ladha ya maji inabadilika, na simbilisi asiyeipenda ataacha kunywa. Umemtafutia vitamini, umemnyima maji. Kama kuna haja ya dawa, iwe ya kumpa mdomoni kwa bomba lisilo na sindano, kipimo kinachojulikana. Na asipewe zile tembe za watu zenye vitamini nyingi zilizochanganywa, maana vitamini A na D zikizidi zinamdhuru.

Sasa peleti. Sizichukii. Peleti nzuri ya timothi inaziba mapengo, hasa madini. Lakini simbilisi mzima anahitaji vijiko viwili vya chakula tu kwa siku, vya kawaida, si vya kupakulia. Namwona mama pale anamtazama mwanawe. Ndiyo, vijiko viwili. Ukijaza bakuli, atashiba humo na kuziacha nyasi, kama ambavyo mtoto akishindiliwa biskuti saa tano hatagusa chakula cha mchana, na yote niliyosema juu ya meno na tumbo yataanza kimyakimya.

Chagua zile zinazofanana zote, rangi moja, zisizo na urembo. Ule mchanganyiko wenye mbegu, mahindi makavu na vipande vyekundu na vya njano umetengenezwa kumvutia anayenunua. Simbilisi atachambua vitamu, ataacha vyenye faida, na ganda la mbegu linaweza kumkwama kooni. Peleti za sungura nazo si mbadala, hata kama zinafanana kwa sura. Sungura anajitengenezea vitamini C, hivyo aliyezitengeneza hakuwa na sababu ya kuiweka.

Hata zile za simbilisi zina ukomo. Vitamini C iliyomo inapungua tangu siku zilipotengenezwa, na baada ya siku 90 hivi zile za kawaida zimepoteza karibu nusu, na hapo ni kama zimetunzwa mahali pakavu penye ubaridi. Kwa hiyo angalia tarehe ya kutengenezwa, usiridhike na ile ya mwisho wa matumizi. Mfuko mkubwa wa bei nzuri unaomchukua mnyama mmoja mwaka mzima si bei nzuri.

Nilisema nitarudi kwenye kibofu. Miili yetu hufyonza kalisi kwa kiasi inachohitaji. Simbilisi anafyonza sehemu kubwa ya inayokuja, kisha ziada anaitoa kwa mkojo. Ndiyo maana mkojo wake ni mzito, wenye ukungu, na ukikauka unaacha alama nyeupe. Hiyo ya kawaida isikutishe. Ila ukiona mabaki kama mchanga, au damu, au unamsikia akilia anapokojoa huku amekunja mgongo, kuna jiwe au linatengenezwa. Mawe hayo mengi ni ya kalisi, huonekana wazi kwenye eksirei, na ya dume yakikwama njiani ni upasuaji.

Kwa hiyo mboga zenye kalisi nyingi kama sukuma wiki zisiwe za kila siku. Spinachi ina kalisi na pia tindikali inayoshikamana nayo. Mara moja moja inatosha. Mimi mwenyewe nashauri hoho iwe ya kila siku, kisha majani yabadilike: leo letusi ya majani marefu ya kijani, kesho giligilani, keshokutwa sukuma wiki jani moja, siku nyingine majani ya karoti, ambayo watu huyatupa na kumpa mnyama mzizi. Jumla yake ni kama kikombe kimoja kwa mnyama mmoja kwa siku. Kabichi na brokoli kidogo tu, kwa wengine zinaleta gesi. Na maji mengi yanasaidia kibofu kuliko hesabu zote hizi.

Maji basi. Safi, kila siku, kama mililita 100 kwa kilo ya mnyama, zaidi kukiwa na joto, pungufu akila majani mengi. Wanaotumia chupa zenye gololi mdomoni, ijaribuni kwa kidole kila asubuhi. Simbilisi hunywa akiwa na chakula mdomoni, anakisukumia humo, gololi inaganda. Chupa inaonekana imejaa, na wewe unafurahi kwamba maji hayaishi.

Matunda nitayapitia haraka kwa sababu yanawafurahisha watu kuliko simbilisi. Kipande cha tufaha kisicho na mbegu, au stroberi moja, mara moja au mbili kwa wiki, basi.

Visivyoguswa kabisa: kitunguu, kitunguu saumu na jamii yake yote, parachichi, kiazi mviringo hasa chenye kijani au machipukizi, majani ya nyanya, maharage makavu, chokoleti. Nyama na maziwa si chakula chake kwa namna yoyote, hata ule mtindi wa vidonge unaouzwa kama zawadi ya wanyama wadogo. Mkate na biskuti navyo viacheni. Jiwe la chumvi halihitaji. Mimea ya mapambo ya ndani muiweke mbali, mingi ina sumu, na yeye haulizi kabla ya kuguguna.

Ugumu mmoja mtakaokutana nao mkirudi nyumbani ni huu: mtamwekea nyasi na hoho, naye atawatazama kama mmemtukana. Mazoea yana tabu, na kwa simbilisi tabu hiyo ni ya kimaumbile. Anajifunza chakula ni nini katika wiki zake za mwanzo, kwa kumwangalia mama yake. Anazaliwa na manyoya, macho wazi, meno tayari, na ndani ya siku chache anaonja anachokula mama ijapokuwa bado ananyonya. Asichokiona wakati huo, ukubwani anaweza kukikataa hata kama ana njaa. Samaki mkunje angali mbichi: mwenye vitoto sasa hivi, viwekeeni majani ya aina nyingi, hata kama ni jani moja moja.

Kwa mkubwa aliyezoea vibaya, usimkomoe. Njia ya "atakula akipata njaa" inafaa kwa wanyama wengine, kwa huyu inaua. Punguza peleti taratibu, wiki hadi wiki, huku nyasi zimejaa. Changanya aina mbili za nyasi. Zitie ndani ya boksi la karatasi lenye matundu, azivute mwenyewe. Mboga mpya anza na kipande chenye ukubwa wa ukucha, subiri siku mbili uone kinyesi. Na kama wapo wawili, muweke karibu na yule anayekula. Wivu una kazi yake.

Mwenye mimba nimwongezee neno. Mimba huchukua siku 59 hadi 72, ndefu kwa mnyama wa ukubwa huo, na vitoto ni vikubwa. Asipunguziwe chakula, asibadilishiwe ghafla, asihangaishwe. Jike mnene akiacha kula siku za mwisho za mimba, mafuta yake mwenyewe yanageuka sumu na anaweza kufa upesi sana. Kumpunguza unene kufanyike kabla ya kumpandisha, si wakati amebeba.

Kuna kifaa kimoja ambacho ningependa kila nyumba iwe nacho: mizani ya jikoni. Mpime kila wiki, siku ile ile, andika. Simbilisi ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa haonyeshi ugonjwa hadi ashindwe kuuficha. Macho yako yatasema yuko sawa. Mizani itasema amepungua gramu 50. Hapo anza kumchunguza anakulaje. Akipungua gramu 100 usisubiri wiki nyingine, mlete.

Na yule ambaye hajala kabisa tangu jana, huyo si wa kesho asubuhi. Saa 12 bila kula ni za hatari, saa 24 utumbo unaweza kuwa umesimama. Msimpe dawa mliyonayo kabatini. Antibiotiki za jamii ya penisilini kwa mdomo, ambazo kwa mtoto wako ni za kawaida, zinawaua wale vijidudu wema tumboni mwa simbilisi, na yeye anafuata ndani ya siku chache. Nimepokea wanyama waliokuja na kikohozi kidogo wakafa kwa dawa.

Mkija, msije na mnyama peke yake. Leteni mfuko wa peleti wenye tarehe yake, konzi ya nyasi anazokula, punje chache za kinyesi cha leo kwenye karatasi, na ile orodha ya uzito. Kama anaishi na mwenzake, leteni na mwenzake. Atatulia akimwona, na mara nyingi atakubali kula mbele yake. Mimi nitaanza na mdomo. Wewe utanishikia taa.